Kozi za mtandaoni za kuhuisha leseni ya uhandisi: saa zinatimia, somo ni moja tu

Mhandisi anayenunua kifurushi cha kozi wakati leseni yake inakaribia kuisha huwa na haja moja, nayo ni kwamba saa za mafunzo anazodaiwa ili leseni ihuishwe zikubaliwe na bodi inayoitoa. Kwa kipimo hicho, kifurushi nilichokitumia hakina kasoro. Kinatoa saa 15, ambazo ndizo kiwango cha kila mwaka katika kanuni za mfano za NCEES, baraza linalounganisha bodi za leseni za wahandisi nchini Marekani, na cheti hutoka papo hapo kikiwa na tarehe, mada, idadi ya saa na jina la mtoa mafunzo, yaani yale yale ambayo mkaguzi wa bodi huyadai.

Ubora wa masomo ni habari nyingine. Kozi ya misingi ya majengo, iliyouzwa kama jambo jipya, kwa kweli ni mwongozo wa zamani wa wahandisi wa jeshi la Marekani, ambao mtu yeyote anaweza kuupakua bure, ukiwa umebandikwa jalada jipya na maswali machache ya kuchagua. Jibu la kila swali hupatikana kwa kutafuta neno ndani ya faili, na anayeshindwa huruhusiwa kurudia hadi afaulu. Kozi za wapima ardhi nilizipitia juu juu. Nazo ni hivyo hivyo.

Kilichonishangaza ni kozi ya maadili, ile ambayo wengi wetu huiacha mwisho kwa kudhani ni mahubiri. Inachambua kuporomoka kwa vivuko vya ndani, yaani njia za kupita watu zilizoning'inizwa juu ya ukumbi, vya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, tarehe 17 Julai 1981, ambako watu 114 walifariki. Katika mchoro wa awali, fimbo zile zile za chuma zilitoka darini, zikapita kwenye boriti za kivuko cha juu na kuendelea hadi cha chini. Baadaye kila fimbo ikagawanywa kuwa mbili ili kurahisisha utengenezaji, na kwa hiyo kivuko cha chini kikawa kinaning'inia kwenye boriti za kile cha juu, ambazo maungio yake yalibebeshwa mzigo maradufu. Badiliko hilo liliidhinishwa bila mtu kulifanyia hesabu upya, na wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni. Mkufunzi hatoi hukumu mapema: anamwonyesha msomaji mchoro, anamtaka akokotoe nguvu kwenye nati mwenyewe, kisha anauliza ni nani aliyepaswa kusimamisha kazi, na kwa hatua ipi. Hapo hakuna neno la kutafuta kwenye faili.

Kabla ya kulipa, soma kanuni za bodi yako, kwa maana zipo zinazoweka kikomo kwa saa za kujisomea na kutaka nyingine zipatikane mbele ya mkufunzi, na kifurushi hiki chote ni cha kujisomea. (Tangazo lao linalitaja jambo hilo kwa herufi ndogo mno.) Kozi ya maadili inauzwa pia peke yake, na hiyo ndiyo nitakayowashauri wenzangu wainunue, saa zilizobaki nitazitafuta kwenye semina ambako mkufunzi anaweza kuulizwa maswali.