Barakoa inayonusa au inayovuna umande?

Pumulia kioo kwa karibu. Ule ukungu unaoufuta kwa kidole ni maji yaliyobeba chembe kutoka mapafuni.

Zipo barakoa zinazopima afya kwa pumzi. Inayonusa haina haja na ukungu huo. Sensa yake hupima gesi moja kwa moja, mathalani naitriki oksaidi, ambayo huongezeka njia za hewa zinapovimba kwa pumu. Jibu huja upesi. Shida ni unyevu: pumzi imejaa mvuke, na sensa nyingi za gesi huyumba zikilowa.

Inayovuna umande huutaka unyevu huohuo. Barakoa ya EBCare, iliyobuniwa na kundi la mtafiti Wei Gao pale chuo cha Caltech, Marekani, na kutangazwa 2024, huipoza pumzi kwa haidrojeli (jeli iliyojaa maji), kisha vijifereji vyembamba huyavuta matone hadi kwenye sensa bila pampu, kama mmea unavyopandisha maji toka mizizini. Hupima kemikali kama naitraiti kwa wenye pumu, amoniamu kwa wagonjwa wa figo, hata pombe (hapo wapo watakaonuna).

Kwa ugonjwa wa kudumu, mimi ningevaa hii ya pili, ingawa sharti usubiri matone yajikusanye.