Fremu ya kupimia mimea kutoka Kamukunji, baada ya safari mbili za Mlima Kenya

Nilihitaji fremu ya mita moja kwa mita moja, iliyogawanywa kwa nyuzi kuwa viraba 100 vya sentimita 10 kila upande, ili kuorodhesha mimea katika Bonde la Teleki, kwenye Mlima Kenya. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumiwa na GLORIA, mtandao wa watafiti ambao tangu 2001 umekuwa ukirudia kupima mimea kwenye vilele vilevile ili kuona jinsi joto linavyoibadilisha. Badala ya kuagiza kutoka ng'ambo, nilimwendea fundi mmoja wa jua kali huko Kamukunji, Nairobi, ambaye alinitengenezea ya alumini kwa siku mbili, kwa shilingi 2,800.

Jambo la kwanza nililokagua ni pembe. Nilipopima kutoka kona hadi kona iliyo mkabala, nilipata sentimita 142.4 upande mmoja na 140.4 upande wa pili, ilhali zote mbili zinapaswa kuwa takriban 141.4. Fundi aliirekebisha papo hapo bila malipo, nami namshukuru, kwa kuwa kosa hilo si dogo. Mtafiti Mjapani Kazuharu Mizuno alionyesha kwamba Tyndall, mojawapo ya barafu za Mlima Kenya, ilirudi nyuma takriban mita 3 kwa mwaka kati ya 1958 na 1997, kisha takriban mita 10 kwa mwaka hadi 2002, huku Senecio keniophytum ukiwa miongoni mwa mimea ya kwanza kuifuata kwenye ardhi iliyoachwa wazi. Mabadiliko hayo huonekana kwa macho. Lakini mbali na barafu, ndani ya mita moja ya mraba, badiliko la miaka mingi linaweza kuwa mmea mmoja kuingia katika viraba viwili zaidi, na fremu iliyopinda humfanya mtafiti atakayekuja baadaye aone badiliko ambalo halikutokea.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba pande nne hufunguka, na nyuzi zimeshikwa kwa vikulabu vidogo. Mtu anaweza kuizungushia shina la Dendrosenecio keniodendron, mmea unaobakiza majani yake makavu kama blanketi dhidi ya baridi ya usiku, bila kung'oa hata jani moja. Ikikunjwa, hufungwa kando ya mkoba. Nati zake zina masikio, kwa hiyo hukazwa hata mikono ikiwa imevaa glavu.

Udhaifu wake ni nyuzi. Nailoni ilinyonya unyevu wa ukungu wa asubuhi ikalegea, nikalazimika kuzivuta upya kabla ya kila kipimo, kazi iliyonila karibu nusu saa kwa siku.

Fremu ya pili nimeiagiza kwa fundi huyohuyo, safari hii ikiwa na waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Atakayemwendea abebe futi yake mwenyewe, na apime kona zote kabla ya kulipa.