Mkanda wa kunyanyulia vyuma: tazama kutu kwanza, bei baadae

Wiki hii meseji zote za mikanda. Dada mmoja wa Chake mkanda umemfunguka yuko chini kabisa na skwoti, kachuchumaa na chuma mabegani, kaka mwengine wa Fuoni ribiti, ile misumari midogo inayoshika bakli kwenye ngozi, imemchomoka kwa kutu. Basi nnaandika mara moja, rangi na saizi mutachagua wenyewe.

Musichokitazama nyote ni vyuma vyake. Mkanda haubebi mgongo jamani, unavuta pumzi, unajaza tumbo, unalisukumia kwenye mkanda na ile presha ya ndani ndo inayoushika uti wa mgongo, sasa ribiti ikikatika mzigo uko mabegani presha yote inatoka kwa mpigo na mgongo unabaki wenyewe. Na sisi tunakaa visiwani, upepo una chumvi, jasho lina chumvi, mkanda unalala kwenye begi umerowa mpaka kesho. Ugeuze upande wa ndani juani, ukiona ribiti zina ukingo wa rangi ya chai na ngozi pale ina doa jeusi, ushaanza kuliwa. Dukani kwaruza chuma kwa ukucha, rangi ikibanduka uache.

Namba moja kwangu wa kampuni ya Inzer, ule wa ngozi wa unene wa milimita 10 wa pini moja kama mkanda wa suruali, na wala sifichi kama nnaupenda. Ramadhani tumbo likipungua unahama tundu tu, basi. Mikanda ya kawaida ya leva, ile inayofungwa kwa kubana kijimkono cha chuma, inataka bisibisi ukibadilisha saizi, na zile skrubu zake ndo zinazogandana na kutu.

Namba mbili wa kampuni ya SBD, unatoka Uingereza, leva yake inasogea bila bisibisi. Una unene wa milimita 13 na upana wa sentimita 10, ndo mwisho unaoruhusiwa na IPF, shirikisho la dunia la pawalifti, kwenye mashindano yao ya kunyanyua vyuma, lakini mtu mfupi utamchoma mbavu na bei yake inaumiza.

Ya velkro ni ya mazoezi mepesi, ikishajaa nyuzi na mchanga haishiki.

Na wauzaji wetu wallahi! Mmoja hapo mjini anaita "ngozi halisi" kitu ambacho ukingo wake ukiutazama ni karatasi imegandishwa na plastiki juu, ukitaka kuukunja anakunyang'anya, ukiuliza bei anakutajia ushuru wa Dar na wa bandari yetu ya Malindi juu yake, ukirudi umekatika anakwambia mali ikishatoka hairudi. Na risiti hatoi.