Keja Kiamunyi: nyumba ni poa, maji ndiyo imenirudisha nyuma

Nimezunguka Nakuru wikendi tatu nikitafuta nyumba na kuna ploti moja mpya upande wa Kiamunyi imenikaa kwa roho, wacha niwaambie vile nilipata. Chumba kimoja cha kulala, sebule na jikoni, 14,000 kwa mwezi, depo ya mwezi mmoja, pesa ya takataka na ya soja iko ndani ya hiyo kodi. Saa hii nakaa Free Area nalipa 11,000 lakini malori ya barabara ya Nairobi hayalali na mimi pia silali, sasa ule utulivu wa huko peke yake ulifanya nianze kuhesabu hatua niangalie kitanda kitakaa wapi.

Nyumba yenyewe iko sawa kabisa. Taili ziliwekwa na fundi anayejua kazi yake, kila mtu na mita yake ya tokeni, na dirisha la jikoni linaangalia Menengai. Matatu za tao zipo.

Sasa maji. Keateka alifungua mfereji mpaka mwisho akaniambia na furaha maji ni bure, ni ya boholi, haipotei hata siku moja. Kwa mtu anaamka usiku kujaza mitungi hiyo ni habari njema sana, lakini mimi nimekulia Njoro na maji ya boholi na meno yangu ya mbele yako na madoa ya kahawia mpaka leo, shule nzima nilikuwa nacheka nimefunika mdomo. Ni floridi. Huku Bonde la Ufa inatoka kwa mawe ya volkano inaingia maji ya chini, na Shirika la Afya Duniani linasema isipite miligramu 1.5 kwa lita. Huwezi kuiona wala kuisikia harufu, na ukichemsha haitoki, maji yanapungua kwa sufuria yenyewe inabaki. Wanaoharibika meno ni watoto wadogo, mpaka miaka 8 hivi, kwa sababu meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Wangu ana miaka 3.

Nikaomba karatasi ya kipimo cha maji. "Mama, hii maji ni safi, hata mimi nakunywa." Karatasi hakuna. Tukitoka getini kijana wa jirani, kama miaka 10, akanisalimia akitabasamu na yale madoa nikayajua mara moja, nikamuuliza amekaa hapo tangu lini, akasema amezaliwa hapo.

Najua kuna filta za mkaa wa mifupa, hizo zinatoa floridi, lakini mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Maji ya kununua nayo si ya kunywa peke yake, ni ya chai, ya uji, ya kuchemsha maharagwe, mitungi mingapi hiyo kwa mwezi?

Kama ni watu wazima tupu mnahamia, chukueni, hamtapata nyumba safi hivyo kwa hiyo bei. Mimi nimebaki Free Area. Nimemwomba keateka amwambie mwenye nyumba aweke gata na tanki ya maji ya mvua, paa ni kubwa na mabati ni mapya, na siku hiyo tanki itasimama naleta depo.