Nzuguni, Dodoma: kodi nafuu, koki kwa mwenye nyumba

"Umepanga vyumba, hukupanga tanki." Maneno hayo niliambiwa na mwenye nyumba wangu hapa Nzuguni, na tangu siku ile kila anayeniuliza kuhusu kuhamia huku nimekuwa nikimjibu kwa hasira kwamba abaki alipo.

Nilikuja baada ya ofisi yetu kuhamishiwa Mji wa Serikali, Mtumba. Nzuguni iko njiani, kwenye barabara hiyohiyo ya Dar es Salaam. Stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai viko hapahapa, na chumba na sebule yenye choo cha ndani kwa shilingi 150,000 kwa mwezi nilikuwa nimevitafuta mtaa wa Area C bila mafanikio, nikavipata huku. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikampa dalali ya mwezi mmoja, jumla shilingi 1,050,000. Dalali alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka kwa nguvu, nami nikaridhika. Hakuniambia kwamba yanatoka kwenye simtanki, wala kwamba koki ya simtanki hiyo iko ndani ya ua wa mwenye nyumba.

Ukame wa Dodoma siulalamikii. Nimekulia Kondoa, najua kwamba mvua zikishakatika mwezi wa nne, mtu husubiri hadi mwisho wa mwaka. Maji ya bomba mtaani kwetu huja kwa mgao, ndiyo maana watu huweka matanki. Ninacholalamikia ni tanki lililojaa kufungwa makusudi.

Mama yangu alikuja kutibiwa, akiwa ameshinda kwenye basi na vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nilipofungua bomba ili aoge, halikutoa hata tone. Nilikwenda kwa mwenye nyumba, nikamkuta amekaa barazani, na juu yake tanki linamwagika kwa kujaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Nikamweleza kwamba nina mgonjwa, tena ni mama yangu, naye bila hata kunitazama akanijibu maneno yale niliyoyataja mwanzoni, akaongeza kwamba nisiporidhika, nyumba yake haikosi wapangaji. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika taulo. Mtu mzima anapoacha shikamoo ya mwenzake ianguke chini, na mama mgonjwa anasikia, hapo hakuna unafuu wa kodi unaoweza kufidia. Ningerudishiwa fedha zangu jioni ile, ningehama usiku huohuo.

Lakini nikisema Nzuguni ni pabaya nitamdhulumu jirani yangu, mama mmoja wa Kigogo anayeuza karanga, ambaye alisikia yote kupitia ukutani, akaja na ndoo mbili kichwani na mkononi, akamwamkia mama yangu kwa heshima zote, akampashia maji ya kuoga. Fedha alizikataa. Maji yale alikuwa ameyanunua mwenyewe kwa madumu, kwenye toroli.

Miezi yangu sita inakaribia kwisha. Nimeshapata nyumba nyingine, mtaa wa pili kutoka hapa, Nzuguni hiihii, karibu na jirani huyo. Dalali alipotaka kunionyesha vyumba, nilimwomba anipeleke kwanza nyuma ya nyumba, nikaone koki ya tanki iko upande gani wa ukuta.