Shokapu mbili kwenye mchanga wa Mtwara: baiskeli ipi ununue

Baiskeli yangu ya kwanza ya shokapu mbili, ya mbele na ya nyuma, niliinunua kwa macho. Nyekundu, springi nene inang'aa chini ya siti, muuzaji akaibonyeza mara tatu ikanesa kama godoro jipya. Mwezi wa nne, natoka Newala nashuka kuelekea bonde la Ruvuma, gurudumu la nyuma likaanza kucheza kushoto kulia na mimi usukani nimeushika sawasawa. Bushi ya plastiki kwenye kiungo cha nyuma, pale fremu inapokunjikia, ilikuwa imelika yote. Nikaikokota hadi chini. Akina mama waliokuwa wanapanda na mizigo kichwani wakanipa pole, halafu wakacheka nilipowapita.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi, mzee ambaye ananizibia pancha tangu nasoma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mwanangu, wewe hukununua shokapu. Umenunua springi."

Na kweli. Shokapu inayostahili jina hilo ina sehemu mbili. Kitu kinachobeba uzito, kiwe springi au upepo, na mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo ili isirudi kwa kasi. Ukikosa mafuta, kila jiwe linakurusha, na ukikanyaga pedeli sehemu ya nguvu yako inaishia kunesa. Dukani jaribu hivi: bonyeza siti kwa uzito wako wote, achia ghafla. Ikiruka juu kama mpira, iache hapo hapo.

Kabla ya orodha, tukubaliane juu ya ardhi yetu, maana kusini kuna vitu vitatu tofauti. Kuna mchanga: upande wa Msimbati, pwani, na vichochoro vya mashamba ya korosho kuanzia Tandahimba. Kuna mawe: matumbawe makavu ya Mikindani, na miamba ya Masasi. Halafu kuna mteremko mrefu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla. Ukisimama Shimo la Mungu, Newala, unaona mwenyewe. Vijia vingi vya pale ni vya zamani, vya watu waliokuwa wanateremka kutafuta maji kwa kuwa juu hayakuwapo, na havikuchongwa kwa ajili ya magurudumu.

Kwenye mchanga shokapu ya nyuma haikusaidii chochote. Kinachokubeba ni upana wa tairi na upepo mdogo. Tairi ya inchi 2.4 au 2.6 ikiwa na psi 18 inapita mahali ambapo tairi nyembamba iliyojazwa kama jiwe inazama hadi rimu. Kwa hiyo kama safari zako ni Mtwara mjini, Naliendele na ufukweni, nusu ya mwongozo huu haukuhusu.

Namba moja: shokapu mbili, milimita 120 hadi 135, viungo vichache

Hizi ndizo za kushukia Newala na kuzungukia Rondo, kule Lindi, bila kuchoka kiuno. Milimita hizo ni umbali ambao gurudumu la nyuma linapanda na kushuka. Giant Stance naipa nafasi ya kwanza kwa sababu ambayo wauzaji hawaisemi: vyuma vyake vyembamba vya nyuma vinapinda kidogo vyenyewe badala ya kuwekewa kiungo kingine karibu na gurudumu. Kiungo kikipungua, beringi zinapungua, na sisi wa pwani beringi ndiyo ugonjwa wetu. Marin Rift Zone inateremka kwa raha kuliko Stance, nakiri, ila ina viungo zaidi vya kutunza. Polygon Siskiu T, ya Waindonesia, inatoa vifaa vingi kwa fedha yake na milimita zake ziko juu kidogo, kama 135 nyuma.

Bei ndiyo inayouma. Huko Marekani baiskeli ya aina hii mpya huanzia kwenye dola 1,500 hivi, na bado hujasafirisha wala kulipia ushuru. Ukiona "shokapu mbili mpya" kwa bei ya simu ya kawaida, rudi usome habari ya baiskeli yangu nyekundu.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya. Beringi za viungo ni namba gani? Zikiwa za kawaida, mfano 6902 au 6802, unabeba ile mbovu mkononi unakwenda kwenye duka la beringi na vipuri vya pikipiki, unaonyesha namba iliyoandikwa ubavuni. Breki zinatumia mafuta gani? Shimano wanatumia mafuta ya madini, ambayo itabidi uagize. Baadhi ya breki za SRAM zinatumia DOT, yale yale ya gari na pikipiki, kwa hiyo hata Masasi hukwami. Usiyachanganye tu, mpira wa ndani utavimba na breki itakufa. Na shokapu ya upepo inakuja na pampu yake ndogo? Hiyo ni lazima. Upepo wa ndani ni kidogo sana kwa ujazo lakini shinikizo ni kubwa. Ukiipeleka kwa kijana wa kompresa pale stendi, upepo wote utatoka akichomoa mpira, na atakutoza.

Kupima kama upepo wa shokapu unatosha ni rahisi. Kwenye mti wa shokapu, ile fimbo inayoingia na kutoka, kuna kipira chembamba. Kisukume hadi kigote kwenye mwili wa shokapu, kaa kwenye siti taratibu ukiwa na begi lako na maji yako, shuka bila kunesa, kisha pima kipira kimesogea kiasi gani. Kama mti unaweza kuingia milimita 50 kwa jumla, kipira kisogee 12 hadi 15. Kikisogea 20, ongeza upepo. Nimeona watu wanapanda baiskeli ya mamilioni mwaka mzima hawajawahi kukigusa.

Namba mbili: shokapu moja, ya mbele, rimu za inchi 29

Kwenye orodha ni ya pili. Kwa mfuko wa wengi wetu ni ya kwanza, na fedha zikiwa chini ya ile bei niliyoitaja hapo juu sibishani na mtu. Nyuma hakuna kiungo cha kulika, ni nyepesi, na fundi yeyote anaiweza. Trek Marlin ni mfano mzuri, shokapu ya mbele milimita 100. Mteremko wa Newala utaushuka, ila utasimama kwenye pedeli muda wote, na jioni mapaja yatakukumbusha.

Namba tatu: mtumba wa shokapu mbili

Hapa ni bahati na macho. Nyingi ni za rimu 26, na baadhi shokapu yake ni ya umbo la pekee. Ikivuja, umepata pambo la ukuta. Igeuze miguu juu, shika gurudumu la nyuma ulitikise pembeni: likigonga, beringi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye mti wa shokapu, pete ya mafuta meusi ni mpira uliochoka. Kisha washa tochi ya simu uangalie maungio ya fremu karibu na pedeli. Ufa huanza kama unywele, na rangi mpya sehemu hiyo moja tu ni ya kuulizia.

Namba nne: milimita 150 na kuendelea

Tamu kushuka. Lakini uwanda ule unaoushuka kwa dakika chache utaupanda tena, juani, na chuma chote hicho.

Ya mwisho: ile nyekundu.

Yoyote utakayochukua, ukitoka Msimbati iogeshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, jioni ile ile, kwa kumwagia tu. Usiipeleke kwa waosha magari wa mashine, maji ya kasi yanasukuma chumvi ndani ya beringi. Ikaushe, ipake mafuta cheni. Mimi niliwahi kuiacha hadi Jumatatu, na fundi akaishika cheni kwa vidole viwili kama mtu anayemshika panya mkia, akaniuliza kama ninavua samaki siku hizi.