Chati ya ukutani ya Mfumo wa Jua: nzuri, ila ina kasoro ukingoni

Chati hii, niliyoinunua katika duka la vitabu mjini Tabora kwa ajili ya wanafunzi wangu wa darasa la sita, imechapishwa kwenye karatasi nzito na maandishi yake yanasomeka hata kutoka dawati la nyuma. Kilichonivutia zaidi ni njia ya Voyager 2, chombo kilichorushwa mwaka 1977 kikapita Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989, na ambacho hadi leo ndicho pekee kilichozifikia sayari hizo mbili. Mchoraji ameonyesha hata mlingoti mrefu unaobeba kipima sumaku. Hata hivyo, Voyager 1, chombo pacha cha Voyager 2, imechorwa ikiwa bado ndani ya eneo la upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, ilhali ilivuka mpaka huo Agosti 2012. Wachapishaji warekebishe.